Msandali haukui peke yake: kuotesha, kupanda na kulinda msandali wa milimani

Wengi wanaojaribu kuotesha msandali huupoteza mara mbili. Kwanza mbegu hazioti. Pili, zile chache zilizoota hunawiri miezi michache, kisha majani yanageuka manjano, mche unadumaa na kufa, ingawa ulimwagiliwa kila siku. Kosa ni lilelile: msandali umetendewa kama mgrevilea au mkaratusi. Mti huu una tabia yake, na asiyeijua atapoteza mbegu, na siku hizi mbegu zenyewe ni adimu.

Tunauzungumzia msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata. Wakikuyu huuita muthithii, Wakamba kithawa, Wamasai olosesiai. Msomaji wa Pwani anayeijua liwa asiuchanganye na msandali wa India, Santalum album. Huu wetu ni ndugu yake wa ukoo mmoja, si mti uleule. Undugu huo ndio uliouponza. Msandali wa India ulipozidi kuadimika, wanunuzi wa mafuta ya manukato waligeukia vilima vyetu: Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, Kajiado na Chyulu huko Kenya, Karamoja huko Uganda, na nyanda za juu za Tanzania. Mafuta yamo kwenye kiini cha mti, na mengi yako shinani na mizizini. Kwa hiyo mwizi wa msandali hakati tawi wala shina. Anachimba mti mzima na kuacha shimo, na mti uliochimbuliwa hauna kisiki cha kuchipua.

Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali mwaka 2007. Mwaka 2013 misandali ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kabla ya kuchuma mbegu msituni, pata kibali: Kenya kwa Shirika la Huduma za Misitu (KFS), Tanzania kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Shughuli ya kuhifadhi isiyo na karatasi haina tofauti na wizi machoni pa askari wa doria, na hawezi kulaumiwa.

Kuutambua

Ni kichaka au mti mdogo, aghalabu wa mita 1 hadi 6, kwenye miteremko ya mawe, kingo za misitu mikavu na vichaka, kuanzia takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari hadi kupita 2,500. Majani ni magumu kama ngozi, ya kijani chenye ubuluu, yenye ncha kali, na hupangika kwa kupishana, si mawili mawili. Maua ni madogo ya kijani-njano, rahisi kuyapita bila kuyaona. Tunda ni la mviringo, lenye ukubwa wa sentimita moja au zaidi kidogo, na juu yake lina alama ya duara kama kitaji. Huanza kijani, huwa njano, kisha jekundu, na likiiva sana huwa zambarau iliyokolea.

Kwa kawaida mti dume na mti jike ni mbali mbali. Dume halizai, na jike lisilo na dume karibu huzaa kidogo au halizai kabisa. Ukikuta kilima chenye misandali mitano iliyobaki bila matunda miaka yote, usikimbilie kulaumu ukame. Angalia maua kwanza. Huenda yote ni ya jinsia moja.

Jambo la kuelewa kabla ya yote

Msandali ni nusu-mnyonyaji. Majani yake ni ya kijani na hujitengenezea chakula kwa jua kama mti mwingine wowote, lakini maji na madini huyachukua pia kwenye mizizi ya majirani. Mzizi wake ukigusa mzizi wa mti mwingine, huota kivimbe kidogo kinachoung'ang'ania na kupenya ndani yake. Wataalamu huviita vivimbe hivi haustoria. Hapa tutaviita vinyonyeo, na huo mti mwingine tutauita mlezi.

Vinyonyeo unaweza kuviona kwa macho. Chukua kiriba chenye mche wa msandali na mlezi wake, kipasue upande mmoja, kisha suuza udongo taratibu ndani ya beseni la maji. Fuata mzizi mwembamba wa msandali kwa ncha ya kijiti. Utaona vidude vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama, vimekaa juu ya mzizi wa mlezi kama kengele iliyobandikwa mdomo chini. Ukijaribu kuvibandua vinang'oka na ngozi ya mzizi. Fanya hivi kwa mche mmoja kati ya kila mia kabla ya kupeleka miche shambani. Usipoona kinyonyeo hata kimoja, miche hiyo bado haijawa tayari, hata kama kwa juu inapendeza.

Walezi si wote sawa. Waliothibitika kuwa wazuri ni pamoja na Searsia natalensis (zamani ikiitwa Rhus natalensis, Wakikuyu huiita muthigiu, Wamasai olmisigiyoi), Dodonaea viscosa, kile kichaka chenye majani yanayonata na vitunda vyenye mabawa kama karatasi, na Tecomaria capensis yenye maua ya rangi ya machungwa. Kusini mwa Tanzania, kwenye misitu ya miombo, msandali hushikana pia na Brachystegia. Kanuni rahisi ni hii: tazama ni kichaka gani kimekaa karibu na misandali mizima ya eneo lako, kisha kitumie hicho. Walezi wawili au watatu wa aina tofauti ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja akishambuliwa na wadudu au akifa kwa kiangazi, mche haubaki yatima.

Mbegu

Chuma matunda yaliyo mekundu au yaliyokolea, moja kwa moja mtini. Yaliyoanguka muda mrefu huwa yameliwa na panya au yana vidudu. Chuma kwenye majike mengi, angalau 15 hadi 20 yaliyo mbali mbali, na usichukue zaidi ya robo ya matunda ya mti mmoja. Ndege ndio wanaoisambaza mbegu hii, na wakikosa chakula hapo hawatarudi. Beba kwenye kikapu au gunia la katani, si mfuko wa plastiki. Ndani ya plastiki matunda huchemka kwa joto lake yenyewe na kiini hufa kabla hujafika nyumbani.

Loweka matunda kwa saa 24, kisha yasugue kwenye chekeche la waya hadi nyama yote itoke. Nyama ikibaki huleta ukungu. Mimina kokwa kwenye ndoo ya maji: zinazoelea ni tupu, zitupe, zilizozama zianike kivulini siku moja au mbili. Usizianike juani. Mbegu ya msandali haipendi kukauka sana wala kukaa ghalani, na uwezo wake wa kuota hushuka haraka. Panga kitalu kwanza, ndipo uende kuchuma. Lenga kupanda ndani ya wiki mbili. Ikibidi kusubiri, changanya na mchanga wenye unyevu kidogo, weka kwenye chungu mahali penye baridi, na kagua kila baada ya siku tatu.

Kikwazo kikubwa ni ganda la kokwa. Ni gumu na huzuia maji kuingia na chipukizi kutoka. Njia inayosaidia zaidi ni kulipasua: shika kokwa kwenye koleo ndogo, bana polepole hadi usikie mlio mmoja mdogo, kisha acha. Ganda liwe na ufa, kiini kisiguswe. Kiini chenye mafuta kilichochubuka huoza ndani ya siku chache, kwa hiyo anza na kokwa 20 za kujifunzia mkono. Asiye na koleo asugue upande mmoja wa ganda kwenye jiwe au msasa hadi weupe wa kiini uanze kuonekana, kisha aloweke kwa usiku mmoja.

Kitalu

Tandika tuta la mchanga wa mtoni wenye kina cha sentimita 15. Umwagie maji yanayochemka siku moja kabla ya kusia, ili kuua vimelea. Sia kwa kina cha sentimita 2, na nafasi ya sentimita 3 kati ya kokwa na kokwa. Funika kwa nyasi kavu kidogo, juu yake weka waya wa matundu madogo uliozikwa kingo zake. Hili la waya si la hiari. Panya husikia harufu ya kiini cha msandali kutoka mbali, na usiku mmoja unatosha kumaliza tuta lote.

Mwagilia kidogo asubuhi, kivuli kiwe kama nusu ya jua. Machipukizi ya kwanza hutegemewa baada ya wiki nne au zaidi, na mengine huendelea kujitokeza kwa miezi kadhaa. Usifukue tuta mwezi wa pili ukidhani mbegu zimekufa. Watu wengi wametupa mbegu hai kwa kukosa subira hapa.

Miche ikianza kuanguka ikiwa imeoza shingoni, hiyo ni kinyausi. Punguza maji mara moja, ongeza hewa kwa kuinua kivuli, ondoa miche iliyougua pamoja na mchanga unaoizunguka. Karibu kila mara chanzo ni kumwagilia jioni au kusia kwa kubanana.

Hamisha mche ukiwa na majani manne hivi, kabla mzizi haujarefuka. Ushike kwa jani, kamwe si kwa shina, na uuinue kwa kijiti pamoja na mchanga wake. Tumia kiriba kikubwa kuliko cha kawaida, chenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa 20 au zaidi, kwa sababu humo wataishi wawili. Udongo: sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza kabisa. Usiongeze mbolea ya chumvichumvi. Itamnenepesha mlezi, naye atauzibia msandali jua.

Mwezi mmoja au miwili baadaye, msandali ukishashika, sia mlezi ndani ya kiriba hichohicho, sentimita 5 kutoka kwenye shina la msandali. Ukisia mapema mno, mlezi atautangulia na kuumeza. Ukichelewa mno, msandali utamaliza akiba ya mbegu yake na kuanza njaa. Baada ya hapo kazi kuu ni mkasi: kila mlezi anapozidi urefu wa msandali, mkate abaki nusu. Usimng'oe.

Kuna mtego mmoja ambao hata wenye vitalu wazoefu hunaswa nao. Mizizi ya msandali ni mitembezi. Hutoka chini ya kiriba, huingia kwenye kiriba cha jirani na kushika mlezi wa mwenzake. Siku ya kubeba miche unakata viungo hivyo vyote kwa mpigo, na wiki moja baadaye nusu ya miche imenyauka bila sababu inayoonekana. Panga viriba juu ya karatasi ya nailoni au kokoto, acha nafasi ya vidole viwili kati yake, na uvigeuze kila baada ya wiki mbili tangu mwanzo.

Mche ulio tayari una sentimita 25 hadi 30, shina limeanza kuwa gumu, na una vinyonyeo. Hilo huchukua takriban mwaka mmoja. Wiki sita za mwisho punguza kivuli na maji hatua kwa hatua ili uzoee jua.

Kuotesha kwa vipandikizi vya matawi hufaulu mara chache. Kufunga tawi udongo likiwa bado mtini hufaulu zaidi: mwanzoni mwa mvua chuna pete ya gome ya sentimita 2 hadi 3 kwenye tawi changa lenye unene wa penseli, zungushia kuvumwani mbichi au mchanganyiko wa udongo na samadi, funga kwa nailoni juu na chini. Lakini kumbuka kwamba unapata nakala ya mti uleule na jinsia ileile. Njia hii inafaa pale unapotaka dume kwa ajili ya kilima chenye majike matupu. Kwa kujaza kilima kizima, tumia mbegu.

Kupanda

Usifyeke eneo. Hili hurudiwa sana kwa sababu ndilo linalovunjwa sana: kikundi kinapata miche, kinasafisha kilima kionekane kimeandaliwa, na kwa kufanya hivyo kinaua walezi wote. Panda ndani ya vichaka vilivyopo. Chagua kichaka mlezi kilicho hai, chimba shimo la sentimita 40 kwa 40 mita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye shina lake, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Udongo wa juu weka kando na uurudishe chini kwanza.

Pasua kiriba kwa wembe badala ya kukivuta. Mche na mlezi wake mdogo washuke pamoja, udongo ukiwa haujabomoka. Panda mvua zikishalowesha ardhi hadi kina cha goti, si mvua ya kwanza. Upande wa chini wa mteremko jenga kingo ya mwezi mchanga kwa mawe na udongo ili ikusanye maji. Tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina.

Kwa kuwa huwezi kujua dume na jike hadi mti utoe maua, panda kwa makundi ya miche 20 au zaidi, kwa nafasi ya mita 3 hadi 4, badala ya kutawanya mmoja mmoja kilima kizima. Usipunguze mti wowote kabla haujatoa maua.

Palizi ifanyike kwa mkono, duara la nusu mita tu. Jembe halifai: vinyonyeo viko karibu na uso wa ardhi, na pigo moja hukata alichojenga mche kwa mwaka mzima. Usipulize kiua magugu karibu, maana dawa iliyoingia kwenye mizizi ya mlezi inaweza kumfikia msandali. Mbuzi ni adui mkubwa kuliko kiangazi katika miaka miwili ya mwanzo; zungushia kila mche matawi ya miiba yaliyoshindiliwa ardhini. Mwaka wa kwanza, kiangazi kikizidi miezi miwili, mpe kila mche lita 5 za maji mara moja kwa wiki, na mwaga kati ya mche na mlezi ili wote wawili wanywe.

Majani ya manjano shambani yana maana mbili. Mlezi akiwa mzima lakini msandali ni wa manjano, bado hawajashikana: ongeza mlezi mwingine upande wa pili na usubiri mvua. Wote wawili wakiwa wa manjano, tatizo ni maji au udongo, na hapo samadi kidogo inasaidia.

Anayepanda kwa kutarajia fedha ajue kwamba kiini cha mti chenye mafuta hujengeka polepole kwa miaka mingi sana. Mti mwembamba hauna kitu ndani, na bado wezi huuchimba kwa kubahatisha.

Misandali iliyobaki porini

Mti mmoja mkubwa unaozaa una thamani kuliko viriba mia. Ihesabu yote: namba, urefu, dume au jike, ina matunda au haina. Daftari likae kwa mtu mmoja mwaminifu na nakala ofisini kwa msitu. Usiweke mahali pa miti kwenye mitandao, wala picha inayoonyesha kilima kwa nyuma. Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa. Zima kipengele hicho kabla ya kupanda mlimani.

Dalili za wizi ni mashimo mapya yenye mizizi iliyokatwa, vipande vya mti vyenye harufu tamu na magunia yaliyofichwa vichakani. Usiwafuate wachimbaji mwenyewe. Andika siku, saa, mahali na idadi ya mashimo, kisha toa taarifa kwa askari wa misitu.

Ukikuta mti uliochimbwa nusu wakakimbia, bado unaokoleka. Rudisha udongo siku hiyohiyo, ushindilie kwa mguu, mwagilia, na punguza theluthi moja ya matawi ili mizizi iliyobaki isizidiwe. Ukikuta umekatwa lakini kisiki kiko ardhini, kisawazishe kwa msumeno kikiwa na mshazari ili maji yasituame, kizungushie miiba. Msandali huchipua vizuri kwenye kisiki. Baada ya mwaka bakiza machipukizi matatu yenye nguvu, yaliyotoka chini kabisa.

Kwa wanaochimba mizizi kidogo kwa dawa, supu au rangi ya maziwa, kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za wafugaji, elezeni bila ukali: sheria ya eneo inasemaje, na kwamba mzizi mkuu ukikatwa mti umekufa.

Mwisho wa mvua, pita chini ya vichaka vinavyozunguka majike, mahali ndege hutua. Inama, funua majani makavu. Miche ya asili huota humo, mirefu kama kidole, majani mawili matatu ya kijani-buluu, tayari imeshika mizizi ya kichaka. Usiihamishe, kwa maana vinyonyeo vitakatika. Simika kijiti chenye kitambaa kando ya kila mmoja na uuwekee tawi la miiba juu.